Mrumi wa Moshi

Naona ile video yangu ya kule bwawani imeshafika hadi grupu la ukoo. Sekunde kumi na nne tu, haina mwanzo haina mwisho, na asubuhi hii shangazi kanitumia voisi kuuliza kama huko Uingereza nimebatizwa upya na kama mchungaji wetu ana habari. Basi ngoja niseme mwenyewe kabla haijafika usharikani.

Ni kweli nilikuwa Bath, ule mji wa Uingereza wenye mabafu ya kale ya Warumi. Ni kweli nilivua nguo. Hayo ya kukimbizwa na polisi ni chumvi ya jamaa yangu niliyekuwa naye, aliyenijia alikuwa mama mmoja mpole sana na redio yake ya mkononi.

Tulitoka London na basi la alfajiri maana ndo lilikuwa bei chee, wali wetu kwenye kontena. Vya bure tukavimaliza mapema: lile daraja la Pulteney lenye maduka juu yake, Royal Crescent nyumba 30 zimeshikana zimejikunja kama mwezi mchanga, picha, picha, basi. Ikabaki mabafu ya Warumi. Tiketi yake, wadau, ni hela yangu ya kula siku nne. Nikamwambia jamaa kwa hela hii mi sitoki mkavu.

Na msinicheke bado. Mi mtu wa Moshi, maji ya chemchemi nayajua ya Chemka, unalipa getini, unavua, unashika kamba, tumbukia. Halafu mji wenyewe unaitwa Bafu! We ukiingia bafuni unafanyaje, unapiga selfi? Kwa hiyo chini ya jinzi nilishavaa bukta tangu London, na begini nina kandambili na khanga ya mama, ile aliniwekea nikisafiri.

Mlangoni wanakupa kidude cha kusikilizia maelezo, nikakitia begini. Kitu pekee nilichosimama kusoma ni vile vipande vya risasi (ile madini, siyo ya bunduki) ambavyo watu wa zamani waliandika laana wakavirusha kwenye chemchemi kwa mungu wao Sulis Minerva. Viko kama 130, na vingi ni vya watu walioibiwa, mwingine joho, mwingine nguo za kuogea, anamwomba mungu mke amnyime mwizi usingizi. Mi hapo nikapata mafunzo mawili: moja, watu wanaoga, mbili, nguo usiache kwenye benchi.

Tukashuka hadi kwenye bwawa lenyewe. Kubwa, juu wazi, nguzo pande zote, maji kijani kama kisamvu, mvuke unapanda taratibuuu. Jamaa kasema anaenda kupiga picha upande wa pili. Hakuna mtu anaoga, nikajua tumewahi.

Nikakaa kwenye kona. Viatu. Soksi nikaziingiza ndani ya viatu. Koti, sweta, shati, vyote begini, kale kabaridi ka Machi kakanikamata kifuani nikakaza meno. Nikafunga khanga kiunoni, jinzi nikaishusha kwa chini kwa ule ufundi wa kisimani mnaoujua. Begi nikalivaa mgongoni, mgongo mtupu, maana wezi. Kandambili. Nikasogea ukingoni kwenye yale mawe yaliyolika, nikanyoosha mguu wa kulia nionje joto kwa kidole gumba.

Kandambili ikachomoka.

Haikuzama. Ingezama ningeondoka zangu. Ilielea, jamani, ya bluu, ikaanza safari kwenda katikati polepole kama ngalawa isiyo na haraka, na mimi mguu mmoja hewani nikiifuata kwa macho. Ndo nikasikia vitoto nyuma yangu.

Darasa zima. Vizibao vya njano vinavyong'aa, karatasi za maswali mkononi, penseli. Wananiangalia kwa heshima. Kamoja kakanyoosha mkono: "Samahani, wewe ni Mrumi?"

Wakuu, pale palikuwa na majibu mengi. Mi nikasema ndiyo.

Mwalimu akafurahi. "Haya watoto, muulizeni Mrumi maswali!" Mnakula nini? Maharage, nikasema. Nimejibu kwa sauti nzito sijui niliitoa wapi. Mbona Mrumi ana begi? Wezi, nikasema, hapa wanaiba sana nguo. Mwalimu akaruka: "Sahihi kabisa! Andikeni hapo namba tano!" Nikaanza kupata moyo kwa kweli. Halafu kabinti kakazunguka nyuma yangu kakauliza hayo maandishi huko chini ni lugha gani.

Khanga ya mama. Matakoni. MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Kilatini," nikasema. Mungu anisamehe. Kakaanza kunakili, kananisogelea na penseli, herufi moja moja, na mimi nimesimama wima natetemeka kama jenereta nikisubiri kamalize, na hapo ndo akatokea Mrumi mwenyewe. Wa ajira. Joho, viatu vya ngozi, kila kitu. Akaniangalia kifua, begi, khanga, akafika kwenye ile kandambili moja, akakaa hapo. Watoto wakamwangalia yeye, wakaniangalia mimi. Jamaa yangu alikuwa nyuma ya nguzo, ndo maana video inatikisika.

Mengine haraka haraka: yule mama akaja, akaninong'oneza kwamba humu hakuna anayeoga, mwaka 1978 kuna binti aliogelea maji haya akafa kwa amiba wa kwenye ubongo, wa kuoga wanaenda spa ya kisasa pale jirani, bei yake nikaitikia tu. Nikavaa. Kabla ya kutoka kuna bomba unaonja maji ya chemchemi, madini 43, ya vuguvugu, kama umechemsha sarafu. Nilikunywa vikombe viwili, nimelipia.

Kandambili waliiopoa na wavu, wakaniletea imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kwa adabu kabisa, kwa mikono miwili. Shangazi, hakuna aliyenibatiza, ni mguu tu uliogusa. Na mama asiambiwe kuhusu khanga.