Si Taksi, Ni Taksusi

Kwanza nisafishe jina. Ile sauti ya dakika nne ambayo wifi yangu kaitupa jana usiku kwenye kundi la familia, mkaifikisha Tanga, Dar na Muscat kabla sijavua viatu, ina ukweli nusu. Sikulishwa sumu na Mzungu. Sikuzimia. Na sikulia chini ya mti wa Kaisari, ule ulikuwa upepo machoni. (Wifi hii ya kwangu inasambaza kwa kasi kuliko ile ya kulipia.)

Chanzo ni njaa. Nina miezi minne Gent, Ubelgiji, wifi kaja kunitembelea, nikajitia mwenyeji. Tukapanda treni ya De Panne, tukashuka Veurne, kule Westhoek, pembe ya Ubelgiji iliyobanwa kati ya Ufaransa na bahari. Uwanja wa Veurne ni mzuri, sibishi: nyumba za matofali zenye vipaa vya ngazi, mnara wa kengele, na ukumbi wa mji ambamo makao makuu ya jeshi la Ubelgiji yalijibanza mwaka 1914, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wifi akapiga picha kama analipwa. Kazi yangu ilikuwa kuangalia saa, nami nikasahau. Miji midogo ya huku Jumapili ina sheria zake: mkate unanunua kabla ya saa sita mchana, na jikoni za mikahawa nyingi zinazimwa saa nane. Sisi tumeingia saa nane na dakika kumi. Tukapewa kahawa na kibiskuti kimoja kimoja, kile cha pembeni ya kikombe. Wifi akala cha kwake na changu.

Tukakodi baiskeli kwenda Lo, kilomita 13 hivi kuelekea kusini, kandokando ya mfereji. Njia za baiskeli za Flandria, upande wa Ubelgiji unaosema Kiholanzi, zina namba kwenye kila njia panda. Unaandika namba zako kwenye karatasi, unafuata kibao baada ya kibao. Ukiruka namba moja unajikuta Ufaransa, na ndivyo ilivyokuwa karibu kutokea, lakini hilo wifi hakulisema kwa sababu karatasi alishika yeye. Nchi ni tambarare kama sinia. Tambarare hizi ndizo Wabelgiji walizozifurikisha mwishoni mwa Oktoba 1914, upande wa mto IJzer: maji yakijaa wanafungua milango ya mfereji pale Nieuwpoort, yakianza kupwa wanafunga, mpaka Wajerumani wakakwama kwenye tope. Mtu wa Pangani hahitaji kuelezwa hesabu hiyo. Ila ardhi ya namna hii haina kinachozuia upepo, na ule wa kusini-magharibi ulitupiga usoni njia nzima. Ukiacha kukanyaga pedali, baiskeli inasimama kama punda aliyegoma.

Ndipo kwenye kijiji fulani, ukuta wa kanisa, uzio wa miti ya kijani kibichi. Na matunda. Madogo, mekundu, kila moja kama kikombe kilichotobolewa juu, ndani mbegu nyeusi inachungulia.

Jamani, mimi nimekulia juu ya mkunazi. Nikachuma moja. Tamu! Ina utelezi kama bamia, lakini tamu. Nikachuma la pili. Wifi akasema, "Wifi, vitu vya watu hivyo." Nikamjibu, "Vya Mungu hivi," nikatupia la tatu mdomoni huku baiskeli inatembea. Hayo maneno nayo kayaweka kwenye sauti, tena kwa kuigiza.

Lo ni mji wa kuuzunguka kwa nusu saa. Kuna lango la zamani lenye minara miwili, la karne ya 14, na kando yake umesimama mti mkongwe. Wenyewe wanasimulia kwamba Julius Kaisari, mwaka 55 kabla ya Kristo, akielekea Uingereza, alifunga farasi wake hapo. Tulikuta kundi la wazee kumi na tano hivi, makoti ya mvua na mbwa mmoja, na mzee mmoja anawaeleza. Tukajibanza pembeni tupate maelezo ya bure.

Mzee akaupapasa mti, akasema: "Taxus."

Nikasikia taksi. Nikamjibu kwa Kiholanzi changu cha darasani kwamba hapana, asante, tumekuja na baiskeli.

Wakacheka. Nikacheka nao. Mzee naye, kwa upole, akarudia polepole kuwa ni jina la mti, taksusi, kisha akaongeza: "Giftig."

Nikamtazama wifi. Wifi, Kiingereza chake cha sekondari kikamwamkia, akaninong'oneza: "Anasema ni zawadi."

Nikatikisa kichwa kwa shukrani. Mzee akaona hatujaelewa. Mama mmoja wa koti la bluu akajitolea: akashika koo lake kwa mikono miwili, akatoa ulimi, akapindua macho. Halafu akaonyesha majani. Vijani vyembamba, bapa, vimepangwa pande mbili kama meno ya kitana.

Nikayatazama. Nikayatazama tena. Kitana hicho nilikuwa nimekiona nusu saa iliyopita.

Nikainua mkono wangu. Vidole viwili vyekundu, vinanata. Mzee akaviona. Mama wa koti la bluu akaviona. Hata mbwa akaja kuvinusa, akavutwa kamba haraka. Kimya, upepo tu. Mzee akauliza neno moja ambalo darasani tulifundishwa wiki ya kwanza: ngapi? Nikanyoosha vidole vitatu.

Magoti yakaniishia nguvu. Kumbe ile nyama nyekundu ndiyo sehemu pekee ya mti isiyo na sumu. Majani ni sumu, na mbegu ni sumu, hasa ukiitafuna. Inaenda moja kwa moja kwenye moyo. Farasi akila konzi chache za majani hayo anaanguka. (Kwa hiyo ama Kaisari hakupita Lo, ama aliendelea na safari kwa miguu.) Mbegu ya kwanza niliitema majanini. Ya pili nilimtemea wifi kwa utani. Ya tatu?

Mama wa bluu keshapiga 070 245 245, kituo cha sumu cha Ubelgiji, na kwa kuwa haelewi Kiingereza changu kaweka spika. Sauti tulivu ikauliza: umetafuna au umemeza nzima? Sijui. Miaka? Thelathini na minne. Uzito?

Watu kumi na tano. Mbwa mmoja.

"Sitini na nane," nikasema.

"Wifi," akadakia wifi, "hii ni sumu. Sema kweli."

"...Themanini na nne."

Mzee, maskini, kwa nia ya kunituliza, akasema ni namba nzuri: ule Mnara wa IJzer hapo Diksmuide una mita 84.

Tuliambiwa tutulie, na nikiona kizunguzungu au moyo kubadilika niende hospitali mara moja. Sikuona kitu. Baiskeli tukarudisha, upepo safari hii mgongoni. Kituoni Veurne nikafungua mtandio nijifunge upya, mbegu ya tatu ikadondoka kutoka kwenye mkunjo wa kidevuni. Nzima, haijaguswa na jino.

Hilo la mbegu wifi hakulisema popote. Aliona linaharibu hadithi. Na asubuhi hii shangazi wa Muscat hakuniuliza hali. Ameandika tu: "Mnara, umekula?"