Alama ya == iulize swali gani?

Katika lugha za kuandikia programu za kompyuta, == ni alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa, na anayeandika a == b anaweza kuwa anauliza mojawapo ya maswali matatu. Je, hiki ni kitu kilekile, mahali palepale (anwani ileile) kwenye kumbukumbu ya kompyuta? Je, ni vitu viwili vyenye thamani sawa? Au vitakuwa sawa kimoja kikigeuzwa aina kwanza ili kifanane na mwenzake? Java huuliza la kwanza inapokutana na vitu, Python aghalabu huuliza la pili, JavaScript la tatu. Alama ni ileile, na mwandishi anayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine huhama na mazoea yake.

Kosa la Java hujificha kuliko mengine. Kwa namba kamili za kawaida, za aina ya int, == hulinganisha thamani. Namba hiyohiyo ikifungwa ndani ya kitu cha Integer, kama inavyolazimika inapoingia kwenye mikusanyo kama List (orodha) au Map (jedwali la funguo na thamani), == hulinganisha anwani. Tangu Java 5 ya mwaka 2004 ufungaji huo hufanyika wenyewe bila kuombwa, na kanuni za lugha zinataka namba zote za int kuanzia -128 hadi 127 zikifungwa hivyo zitoe kitu kilekile kila mara. Sasa chukua programu inayolinganisha kiasi kilicholipwa na kiasi kinachodaiwa, vyote vikiwa Integer. Malipo ya shilingi 100 yatapita majaribio yote. Malipo halali ya shilingi 5,000 yatakataliwa. Majaribio huandikwa kwa namba ndogo, kwa hiyo kosa huwafikia wateja kabla halijaonekana. Stringi, yaani maandishi, zina mtego uleule: zilizoandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo hushirikiana kitu kimoja na == hujibu kweli, ilhali maneno yaleyale yakisomwa kutoka kwenye faili hujibu si kweli.

Hata hivyo utetezi wa Java una uzito. Kulinganisha anwani ni kazi ndogo kwa prosesa, hakuwezi kushindwa, na hakuna klasi inayoweza kukubadilisha maana. Ukiruhusu == iite msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, hujui itachukua muda gani. Mfano umo ndani ya Java yenyewe: equals (njia ya kulinganisha thamani) ya java.net.URL huweza kuuliza DNS, huduma inayogeuza majina ya seva kuwa anwani za mtandao, ili ijue kama majina mawili ya seva yanaelekea anwani moja. Kuweka URL kwenye HashSet, mkusanyo usio na marudio, kunaweza kuisimamisha programu ikisubiri mtandao, na jibu likabadilika mtandao unapokatika. Ndiyo maana inashauriwa kutumia java.net.URI badala yake.

Lakini huo ni ushahidi dhidi ya equals moja iliyobuniwa vibaya. Hauonyeshi kwamba swali la anwani ndilo linalostahili alama fupi, wakati karibu kila mwandishi anayeandika == anataka kujua thamani. Kotlin iligawanya vizuri: == huita equals na kushughulikia null (thamani tupu), na === imeachiwa yule anayetaka anwani kwelikweli. Python ina neno is kwa kazi hiyo, na tangu toleo la 3.8 hutoa onyo ukilitumia pamoja na namba au stringi iliyoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo.

Swali la tatu lilizaliwa na haja halisi. Fomu ya wavuti hutuma maandishi, kwa hiyo umri hufika ukiwa "18", na mwandishi anataka kuulinganisha na 18 bila usumbufu. Gharama yake ni kubwa mno. Katika JavaScript, "" == 0 ni kweli na 0 == "0" ni kweli, lakini "" == "0" si kweli. Usawa usiopita kutoka cha kwanza hadi cha tatu haufai kupanga, kutafuta wala kuondoa marudio. Netscape walijaribu kuuondoa ugeuzaji huo katika JavaScript 1.2, ukarudi kwa ajili ya kufuata kiwango cha ECMA, shirika linaloweka viwango vya lugha hiyo; === iliingia kwenye kiwango mwaka 1999, na tangu hapo ndiyo inayotegemewa.

Katika PHP madhara yaligusa usalama. Stringi mbili zinazosomeka kama namba hulinganishwa kama namba, na heshi (alama fupi inayokokotolewa kutokana na data) ya MD5 ya "240610708" na ya "QNKCDZO" zote huanza na 0e na kufuatiwa na tarakimu tupu. Kila moja inasomeka sifuri mara kumi kwa kipeo fulani, yaani sifuri. Mfumo unaokagua nenosiri kwa kulinganisha heshi hizo kwa == utaliruhusu moja lipite mahali pa jingine. PHP 8.0 ya mwaka 2020 iliacha kuihesabu 0 kuwa sawa na "foo", lakini mtego wa 0e ungali upo. Heshi zilinganishwe kwa hash_equals, na nenosiri likaguliwe kwa password_verify.

Si kila mchanganyiko wa aina ni haramu. Python husema 1 == 1.0, na huilinganisha thamani kamili bila kuipunguza. C hugeuza namba kamili ya biti 64 kuwa double (namba ya desimali yenye usahihi wenye kikomo) kwanza, hivyo 9,007,199,254,740,993 huwa sawa na double ya 9,007,199,254,740,992. Lugha isiyotaka kulinganisha kwa ukamilifu ikatae kabisa, kama Rust inavyofanya.

Upande wa thamani una ugumu wake mkubwa kwenye vitu vinavyobadilika, na hapa ndipo naona hoja ya wanaotetea ulinganisho wa anwani ni ya kweli. Vitu viwili vikiwa sawa, lazima vitoe heshi moja, kwa sababu heshi ndiyo inayoamua kitu kiwekwe kapu gani ndani ya HashMap. Tuseme klasi ya Mteja inahesabu heshi kutokana na jina na simu. Umemweka mteja kwenye HashSet, kisha ukabadilisha namba yake ya simu. Heshi mpya inaelekeza kapu jingine. Ukiuliza contains unajibiwa hayumo, remove haimpati, ilhali ukizipitia zote unamkuta ameketi mle mle. Programu haitoi kosa lolote. Kumbukumbu hujaa polepole.

Python huuzuia msiba huo kwa ukali: list haiwezi kuwa ufunguo wa dict (jedwali la funguo na thamani), na klasi inayoandika __eq__ bila __hash__ hupoteza heshi. Henry Baker alipendekeza mwaka 1993, akizungumzia lugha ya Lisp yenye njia nne za kulinganisha, eq, eql, equal na equalp, kwamba kisichobadilika kilinganishwe kwa thamani na kinachobadilika kwa utambulisho wake. Naiona ndiyo kanuni bora. Inaendana na record (klasi fupi za kubeba data) za Java 16: kiasi cha fedha, tarehe na viwianishi vya mahali ziwe record zenye sehemu zisizobadilika. Mteja wa hifadhidata alinganishwe kwa kitambulisho chake, nacho kitolewe kitu kinapoundwa, kwa mfano UUID (namba ndefu isiyotarajiwa kujirudia). Ukisubiri hifadhidata itoe namba, wateja wote wapya watakuwa na null na wataonekana mtu mmoja.

Kwenye fedha kuna shimo moja zaidi. BigDecimal, aina ya Java ya namba za desimali, ya "2.0" na ya "2.00" si sawa kwa equals, ila compareTo hutoa 0, yaani sawa. HashSet itazihifadhi zote mbili, TreeSet moja tu. Linganisha kwa compareTo.

NaN ("si namba") ya IEEE 754, kiwango cha namba za desimali kwenye kompyuta, haiko sawa hata na yenyewe. Kwa hesabu ni sahihi, kwa mikusanyo ni balaa: katika Go, ufunguo wa NaN ukishaingia kwenye map hauwezi kufutwa kwa delete. Rust iliipa hali hiyo jina lake, PartialEq bila Eq, na kwa hiyo f64, aina yake ya namba za desimali, haikubaliwi kuwa ufunguo wa HashMap.

Kinachobaki ni kulinganisha aina zisizoweza kamwe kuwa sawa. Equals ya Java hupokea kitu chochote, hivyo kwenye Map yenye funguo za Long (namba kamili ndefu), get(7) hupita kwenye kompaila, programu inayotafsiri msimbo, na kurudisha null hata kama 7L imo, kwa kuwa 7 imefungwa kama Integer. Jibu la "si kweli" hapo ni halali kimantiki na halina faida kwa yeyote. Kompaila ndiyo iseme, kabla programu haijaendeshwa. Scala 3 inaruhusu hilo ukiwasha strictEquality, nami ningetaka liwe limewashwa tangu mwanzo.