Sogea Kidogo, Mzee wa Kofia

Jamani mi nina ugomvi na watu waliokufa zamani. Sio mmoja, ni wengi, na kosa lao wote ni lile lile, walipiga picha na ndege alafu wakasimama mbele ya namba ya usajili.

Yaani ndege nzima iko nyuma yako, bawa lile pale, pangaboi lile pale, nafasi ya kusimama tele, we unachagua palepale penye herufi! Na kofia pana juu. Matokeo yake miaka 90 baadae mimi niko macho saa nane usiku na kioo cha kukuzia mkononi namchungulia kwapani mzee nisiyemjua, labda kuna herufi imejibanza.

Ndo hobi yangu hiyo, kutambua ndege za kizamani kwenye picha, hasa zile zilizotengenezwa mbili tatu kiwanda kikafa. Watu wanasema si ndege tu, ina bawa ina mkia, ugumu uko wapi. Haya, za vituko kweli ni rahisi, ile Caproni Ca.60 ya Italia ya 1921 ilikuwa na mabawa 9 na injini 8, ikaanguka ziwani safari ya pili tu, hiyo ukimuonyesha mtoto mara moja hasahau. Balaa ni hizi za mabawa mawili za miaka ya 1930, zimefanana kama vifaranga. Chukua Tiger Moth ya Uingereza na Stampe ya Ubelgiji, kwa mbali utasema mapacha, mpaka uangalie eleroni, vile vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege kushoto na kulia, Stampe anavyo mabawa ya juu na ya chini, Tiger Moth ya chini tu. Sasa kisia kwenye picha yangu bawa la juu kuna nini. Kidole gumba cha mpiga picha.

Injini za duara nazo, zile silinda zake zimepangwa kuzunguka kama miale ya jua, usiniambie. Safu moja ya silinda lazima iwe witiri, kama 5, 7 au 9, maana kila silinda inalipuka mara moja kwa mizunguko miwili na zamu inakwenda kwa kuruka moja moja, zikiwa shufwa zamu inavurugika. Kwa hiyo nikihesabu 8 najua nimekosea, naanza upya. Juzi nimehesabu 8 mara tatu, ya nane kumbe goti la fundi.

Na hata macho usiyaamini. Nilipokuwa mgeni nilionyeshwa picha ya ndege ya Kijerumani, injini na mkia viko mstari mmoja kama kawaida lakini rubani hayupo hapo, kakaa kwenye kibanda chake cha vioo pembeni, upande wa kulia, kama abiria aliyekataa kukaa na wenzake. Nikacheka sana, nikasema hii imechezewa. Kumbe ni Blohm & Voss BV 141, iliruka kweli mwaka 1938. Nilivyoaibika siku hiyo nikaapa sibishii tena picha yoyote, chochote nitakachokiona nakikubali.

Kiapo hicho ndo kimenimaliza mwezi huu. Nimepata picha, mzee wa kofia na koti kaziba namba yote imebaki herufi moja tu, A. Mkia mpiga picha kaukata. Pua naiona vizuri, silinda 4 zimepinduliwa kichwa chini, ukiniuliza harakaharaka nakwambia Tiger Moth. Lakini bomba la moshi liko upande sio! Nikasema aaah, hii ni ya majaribio, hii walitengeneza moja wakaificha. Wiki mbili sijalala vizuri, vitabu vimejaa kitandani, nimeshajiona mimi ndo wa kwanza duniani kuitambua.

Jana usiku mama watoto kaamka na usingizi wake, kaja nyuma yangu, kaangalia sekunde tano hivi.

"Baba, huyu mzee mbona kavaa koti la kike?"

Nikamwambia mama angalia ndege, koti halituhusu. Akasema vifungo vya mwanaume havikai upande huo, na saa kavaa mkono wa kulia, na mfuko wa kifuani uko kulia. Nikanyamaza. Ile A nikaitazama, A ukiisoma mbele ni A, ukiisoma kwenye kioo ni A.

Nikaigeuza picha kama kwenye kioo, kulia ikawa kushoto. Bomba likarudi kwake, koti likawa la kiume.

Tiger Moth. Zilitengenezwa zaidi ya 8,000.

"Sasa ndo nini hiyo?" akauliza. Nikamwambia hamna kitu, kalale. Akaniambia basi zima taa, na hivyo vitabu vitoe upande wangu.