Mtiifu wa Kule, Huru wa Huku, na Ripoti Isiyoanzwa

Kila nikipiga simu nyumbani nasikia wimbo uleule: watoto wa huku ughaibuni wamedekezwa, hawana nidhamu, wanajiamulia kila kitu. Huku nako, wazazi wenzangu wakizungumzia shule za kwetu husema tunakaririsha tu na kuwatia watoto woga. Mimi nimesomeshwa kule na nasomesha huku, na naona mabishano haya yanapita kando ya jambo lenyewe. Kote kuwili, mtoto hafundishwi kuongoza kazi yake mwenyewe.

Wanasaikolojia huweka mambo matatu kwenye msingi wa uwezo huo: kushikilia habari akilini huku ukiitumia, kuzuia msukumo wa kwanza, na kubadili mbinu ile ya awali inapokwama. Juu ya hayo ndipo hujengwa kupanga, kuanza bila kusukumwa, na kumaliza. Sehemu ya ubongo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo huu, nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Kumwita mtoto wa miaka 12 mvivu kwa kuwa kasahau daftari ni kumdai deni ambalo hajakopa.

Shule niliyosoma ilinibebea yote. Kengele ilinigawia muda, mwalimu aliniambia nianze na lipi, na jioni kuna mtu alikagua. Siubezi utaratibu huo. Mtoto anayejua kinachofuata hutumia akili yake kwenye hesabu, si kwenye kuhangaika. Kasoro hujitokeza siku kengele inapoondoka. Ni wangapi tunawajua waliokuwa wa kwanza darasani miaka yote, wakafika chuo kikuu, na muhula wa kwanza tu wakapotea?

Huku kengele huondolewa mapema mno. Mwanafunzi anapewa mradi wa wiki tatu, tarehe ya mwisho inawekwa kwenye tovuti ya shule, basi. Wanasema anajifunza kujitegemea. Kinachotokea ni kwamba mzazi mwenye nafasi anageuka karani wa mwanawe, na yule anayefanya kazi zamu mbili anaitwa shuleni kuulizwa mbona mtoto hajawasilisha kitu. (Maswali hayo huulizwa kwa adabu sana, na ndiyo yanayouma zaidi.)

Wanaoamini kwamba watoto wa huku ndio wanaojua kujizuia nawakumbusha utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Watoto wa miaka minne, wa jamii ya Wanso wa Kameruni na wenzao wa Ujerumani, waliwekewa kitafunwa kimoja na kuambiwa wakivumilia watapata cha pili. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Kinso walivumilia. Wa Ujerumani hawakufika hata theluthi. Ila ndugu zangu msishangilie haraka. Kusubiri ulipoambiwa usubiri ni uwezo mkubwa, lakini hakumwonyeshi mtu ripoti ya kurasa kumi inaanzia wapi.

Hilo huonyeshwa na mtu mzima, kwa kufanya kazi pamoja na mtoto kwanza, kisha kumwacha afanye ukiwa karibu, kisha kubaki na swali moja tu: leo unaanza na nini? Ripoti ikatwe vipande kuanzia siku ya kukabidhi kurudi nyuma hadi leo. Kila kipande mtoto akadirie kitachukua muda gani, halafu aandike kilichukua muda gani kweli. Watu wazima wenyewe hili linatushinda. Wanafunzi wa chuo kikuu huko Kanada, katika utafiti wa mwaka 1994, walikadiria kumaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 34 hivi. Zikawachukua zaidi ya siku 55.

Ahadi nazo ziwe na mahali na wakati. “Nitasoma kwa bidii” haina mshiko. “Nikishavua sare, nafungua daftari la hesabu” inafanya kazi vizuri zaidi, na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelionyesha hilo kwa miaka mingi. Ile michezo ya kompyuta inayouzwa kwa kisingizio cha kunoa kumbukumbu mimi siinunui: kwa sehemu kubwa mtoto anakuwa hodari wa mchezo wenyewe tu.

Mtaniambia mwalimu wa shule za kwetu ana darasa lililofurika, hawezi kukaa na kila mmoja. Kweli. Lakini hahitaji kifaa wala mtaalamu kutoka huku. Akiacha dakika tano za mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi ataandika kazi aliyopewa, hatua ya kwanza, na saa atakayoanza. Kesho yake wanabadilishana madaftari na jirani kuona nani alianza kweli. Na maelekezo yenyewe yaandikwe ubaoni, yasiishie mdomoni, maana akili ya mtu mzima hushika kama mambo manne tu kwa mara moja, na ya mtoto hushika machache zaidi.