Mpingo hauzai jiwe

Kuna nyota inaitwa Mpingo. Si utani, wala si jina la baa. Ni nyota kweli, iko katika kundi la nyota linaloitwa Nyangumi, na jina lake limo katika orodha ya Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia tangu Desemba 2019. Sayari inayoizunguka inaitwa Tanzanite.

Nilipoyasoma majina hayo mara ya kwanza nilifurahi nusu. Nusu ya pili imenikaa kooni mpaka leo.

Mwaka ule muungano huo ulitimiza miaka 100, ukaamua kugawa majina kama watu wanavyogawa pilau ya harusi. Kila nchi iliyojitokeza ilipewa nyota moja na sayari yake, wananchi wapendekeze na kupiga kura. Nchi zaidi ya 100 zilijitokeza. Sisi Watanzania tuliangukiwa na nyota WASP-71 na mtoto wake, sayari WASP-71b. WASP ni kifupi cha mradi wa kusaka sayari kwa darubini zilizowekwa visiwa vya Canary na Afrika Kusini, na ile b ni kwa kuwa a imeachiwa nyota yenyewe. Ni majina ya kadi ya kliniki: mtoto kazaliwa, kapimwa uzito, kapewa namba. Huku kusini hilo halitushangazi. Mtoto huitwa hivi utotoni, akienda jandoni anatoka na jina jingine, na ole wako umwite lile la zamani mbele za watu. WASP-71 kuitwa Mpingo ni kama imetoka jandoni.

Na jina lenyewe limeikaa. Mpingo unaota sehemu nyingi za nchi, ila muulize mtu wa Kilwa, Liwale au Nachingwea uone atakavyouongelea, kama anamsema mjomba wake. Ni mti unaotaka miaka 70 na zaidi mpaka ufae kuvunwa. Kiini chake kikitupwa majini kinazama. Misumeno inaisha meno kwa ajili yake. Vipande vizuri vinasafiri hadi Ulaya vikawe klarineti, vingine vinabaki mikononi mwa Wamakonde vikawe vinyago. Mkaa wake una moto mkali, na nyota ile nayo ina moto kuliko jua letu. Sina ugomvi na Mpingo hata kidogo.

Ugomvi wangu ni Tanzanite. Majina yalitakiwa yatoke nyumba moja, nyota na sayari ziwe na undugu. Waethiopia nyota yao waliiita Buna, yaani kahawa, na sayari wakaiita Abol, mkupuo wa kwanza kati ya mitatu wanapokunywa kahawa kwa desturi zao. Unaona? Ukilisikia moja, la pili linanukia. Waghana walichukua Sika, dhahabu kwa Kiewe, na sayari ikawa Toge, hereni. Dhahabu na hereni, mama na mtoto. Sisi tukaweka mti wa kusini na jiwe la Mirerani kule kaskazini, na kutoka Lindi hadi Mirerani ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Undugu wao ni wa kuwa kwenye brosha moja ya watalii.

Halafu neno lenyewe. Jiwe lilijulikana mwaka 1967, lakini jina tanzanite lilitungwa mwaka uliofuata na duka la vito la Tiffany la New York, lipate kuuzika. Jina zuri, limetutangaza, silikatai. Lakini mashindano yale yalikuwa na kanuni kwamba jina la kibiashara halipokelewi. Sisemi kanuni ilivunjwa, maana leo tanzanite ni neno la kila mtu. Nasema tulipewa nafasi ya kutaja kitu mbinguni kwa kinywa chetu, tukataja kwa kinywa cha muuza duka.

Labda nina uchungu kwa sababu mimi ni wa Lindi, na sisi tuna kidonda cha majina. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru, wazee wetu wakaibeba kichwani siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote waliokusanywa, leo amesimama Berlin akiitwa Giraffatitan brancai, kwa heshima ya Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya hukohuko. Ilibidi tusubiri zaidi ya miaka 100 mpaka dinosaria mwingine wa Tendaguru aitwe Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera, wenyeji wa pale. Hiyo ilikuwa 2019, mwaka uleule wa nyota yetu. Jina refu, gumu kulitamka hata kwa Mmwera mwenyewe, lakini limetaja mwenye nyumba.

Mwezi uliopita nilikuwa Newala, nikapita kwa babu mmoja mchongaji, rafiki wa marehemu baba. Baada ya shikamoo na habari za mihogo nikamweleza habari za nyota. Akaacha tezo.

"Inaitwa Mpingo? Mpingo huuhuu?"

"Huuhuu, babu."

"Na mtoto wake?"

"Tanzanite."

Akanyamaza kidogo. "Mjukuu wangu, tangu lini mpingo ukazaa jiwe?"

Nikamwambia langu nililokuwa nimelitunza muda mrefu: mimi ningeiita Lipiko, kinyago cha kuvaa usoni kwenye ngoma za Wamakonde. Sayari ile iligunduliwa kwa kupita mbele ya nyota yake na kupunguza mwanga kidogo, tena inapita kila baada ya siku tatu kasoro, ndio mwaka wake huo. Nikaona ni kama mchezaji wa mapiko anavyouficha uso. Nilijiona msomi. Babu akacheka mpaka akakohoa.

"Lipiko la mpingo? Utacheza au utavunjika shingo? Lipiko tunachonga mti mwepesi."

Nikaona aibu, mtu wa Lindi nafundishwa mpingo. Basi yeye angeiitaje? Akaokota kipande cha gogo miguuni pake, akanigeuzia upande uliokatwa. Pembeni nyeupe, katikati nyeusi tii.

"Hawa wazungu wako walikuwa wanatazama mwanga?"

"Ndiyo, mwanga wa nyota."

"Na wanachokitafuta ni kile cheusi kinachopita kwenye huo weupe?"

"Hichohicho."

"Basi ni kazi yangu hiyo. Huu weupe nautoa, natafuta cheusi. Iite Kiini."

Kiini. Herufi tano, kanuni zilitaka kuanzia nne hadi 16. Neno moja, linatamkika, halimtukani mtu, halina duka. Jina lililokwisha kupitishwa halibadilishwi, hilo nalijua, na babu nilimwambia. Sayari zilizothibitishwa sasa zimepita 6,000 na karibu zote bado zina majina ya kadi ya kliniki. Mashindano yalirudi mwaka 2022, na timu ya Kenya ikaondoka na Orkaria na Enaiposha, maneno ya Kimaasai. Yakirudi tena, mimi fomu yangu nitakwenda kuijazia Newala.

Babu aliuliza kama nyota yake inaonekana kwa macho. Nikamjibu hapana, mpaka darubini.

"Basi mimi niiachie," akasema, akachukua tezo.