Mti mkuu ukianguka: tuuondoe au tuuache?

Wahenga walisema mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Ni kweli, ila kwa muda. Kiota kimevunjika, kivuli kimeondoka, matunda hayapo tena. Kisha mti huohuo ulioanguka huanza kukaribisha wakazi wengine.

Piga goti kando ya gogo lililolala msituni miaka kadhaa. Gome linabanduka kwa kidole, na chini yake kuna vijia vyembamba vilivyotafunwa na mabuu wa mbawakawa, vimepinda na kurudi kama mwandiko wa mtoto anayejifunza kuandika. Ubavu unaogusa ardhi una utando mweupe wa kuvu. Minya kipande cha mti uliooza, kinatoa maji kama sponji, hata kama mvua ya mwisho imeshasahaulika. Juu ya mgongo wa gogo, miche midogo imeota kwa mstari, imepata mahali palipoinuka juu ya majani mazito yaliyofunika ardhi. Katika misitu ya Finland peke yake, spishi kati ya 4,000 na 5,000 hutegemea miti iliyokufa kwa namna moja au nyingine. Hiyo ni kama moja kati ya kila spishi nne au tano za msituni humo.

Kwa mwenye msitu, gogo lilelile ni fedha inayooza. Kwa bwana misitu ni hatari: wadudu watazaliana humo, na kiangazi kikija litawaka. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana swali la kama msitu utunzwe kwa mkono wa mtu au uachwe ujitunze limekuwa gumu kumaliza. Nimelifuatilia kwa muda mrefu, na msimamo wangu si wa katikati kabisa. Nitaueleza nikishapitia hoja zenyewe, kwa sababu kila upande una jambo ambalo upande wa pili haupendi kulisikia.

Tuanze na neno lenyewe, uendelevu. Katika misitu lina asili inayojulikana. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi katika Saxony, Ujerumani, aliandika kwamba uvunaji wa miti hauna budi kulingana na uotaji wake. Tanuri za kuyeyushia madini ya fedha zilikuwa zinakula misitu, na kuni zilikuwa zinakaribia kuisha. Wazo lilikuwa jema na liliokoa misitu mingi. Lakini lilihesabu kitu kimoja tu, yaani kiasi cha mbao. Kwa kipimo hicho, shamba la miti ya aina moja, iliyopandwa siku moja kwa mistari iliyonyooka, ni endelevu kabisa. Unakata, unapanda, hesabu inakaa sawa. Ndivyo sehemu kubwa za Ulaya ya Kati na ya Kaskazini zilivyojaa misprusi, miti ya nchi za baridi ya jamii ya msonobari, hata katika nyanda za chini zenye joto ambako mti huo haukuwa kwao.

Hesabu hiyo ilivurugwa na mambo ambayo haikuyapangia nafasi. Januari 2005 dhoruba Gudrun ilipiga kusini mwa Sweden na kuangusha takriban meta za ujazo milioni 75 za miti, karibu sawa na mavuno ya nchi nzima kwa mwaka, na nyingi zilikuwa misprusi. Kuanzia 2018 ukame ulikausha Ulaya ya Kati. Msprusi una mizizi ya juujuu, na ukikosa maji hukosa pia utomvu wa kuwafukuza mbawakawa wanaochimba gome lake. Ujerumani ilipoteza karibu hekta 500,000 za miti katika muda usiofika miaka minne. Ukitazama picha za milima ya Harz za miaka hiyo, unaona mteremko baada ya mteremko umegeuka kijivu, kwa sababu mbawakawa hakuwa na haja ya kutafuta. Kila mti aliofikia ulikuwa chakula chake.

Hapa watetezi wa mchanganyiko wa miti wana hoja nzito. Katika jaribio kubwa lililofanywa kusini-mashariki mwa China, viwanja vilivyopandwa spishi 16 vilikuwa vimehifadhi zaidi ya mara mbili ya kaboni ya viwanja vya spishi moja baada ya miaka minane. Sababu haina uchawi. Mizizi ya mmoja inakwenda chini, ya mwingine inatanda juu. Mmoja hupenda jua, mwingine huvumilia kivuli. Mdudu anayefuata harufu ya mti mmoja hupotezwa na harufu za majirani zake.

Ila anayepanda miti kwa ajili ya kuuza ana la kujibu. Mchanganyiko huvunwa kwa shida: kila spishi inakomaa kwa wakati wake, kiwanda kinataka magogo yanayofanana, na kazi ya kuchagua mti mmojammoja ina gharama. Tena idadi ya spishi peke yake haitoshi. Ukichanganya miti mitano ambayo yote haivumilii ukame, ukame ukija utaikuta yote mitano. Hoja hizi nazikubali. Hazinishawishi turudi kwenye mistari ya mti mmoja, lakini zinanifanya niwe na shaka na mtu anayetamka neno “bioanuwai”, yaani wingi wa aina za viumbe, kana kwamba limejibu kila kitu.

Sasa tuje kwa wanaosema msitu uachwe. Mfano wao mkubwa uko katika Hifadhi ya Taifa ya Msitu wa Bavaria, ya kwanza kuanzishwa Ujerumani, mwaka 1970. Dhoruba ilipoangusha misprusi mwaka 1983, wasimamizi walifanya uamuzi ambao haukuzoeleka: magogo yasiguswe. Mbawakawa walifurika, na katika miaka ya 1990 maelfu ya hekta zilikufa. Wenyeji walikasirika, na hasira yao ilieleweka. Msitu waliokua nao ulikuwa umegeuka nguzo kavu mbele ya macho yao. Leo chini ya nguzo hizo umesimama msitu mchanga uliojiotea, wenye umri na urefu tofautitofauti, na viumbe waliokuwa adimu, hasa kuvu na mbawakawa wa miti mikavu, wamerudi.

Kuna jambo moja la Bavaria ambalo wasimuliaji wengi huliruka. Katika ukanda wa mpakani mwa hifadhi, miti iliyoshambuliwa iliendelea kukatwa na kuondolewa, ili mbawakawa wasivuke kwenda kwenye misitu ya majirani. Ndani waliacha, pembeni walikata. Kwangu mimi huo ndio ustadi wa uamuzi wao: walijua wapi pa kuweka msumeno chini, na wapi pa kuushika.

Yellowstone, Marekani, hutajwa pia. Mwaka 1988 moto ulipita katika zaidi ya theluthi ya hifadhi hiyo, na wengi waliamini imekwisha. Aina ya msonobari iliyotawala pale ina koni, vikonyo vigumu vinavyobeba mbegu, zilizozibwa kwa utomvu, hazifunguki mpaka zipate joto la moto. Mbegu zilimwagika juu ya majivu, miche ikaota kwa wingi, na hakuna aliyelazimika kuipanda. Hadithi nzuri, lakini ina sehemu ya pili. Mwaka 2016 moto ulirudi katika baadhi ya maeneo yaliyokuwa yameungua miaka 28 tu kabla. Misonobari ile michanga haikuwa imejiwekea akiba ya kutosha ya koni, na miche iliyoota safari hii ilikuwa michache sana ukilinganisha na ya 1988. Msitu uliozoea moto kila baada ya karne moja au zaidi hauwezi kuvumilia moto kila kizazi. “Tuuache, utajiponya” ni kauli yenye sharti ndani yake: majanga yaje kwa mwendo ambao msitu unaujua. Joto la dunia linaubadilisha mwendo huo, na wanaotaka kila msitu uachwe wanapaswa kulijibu hili kwa uwazi kuliko wanavyofanya.

Kuna misitu ambayo shida yake ni kinyume kabisa, kwamba imenyimwa moto. Baada ya moto mkubwa wa 1910, Marekani ilijenga jeshi zima la kuuzima, na mwaka 1935 huduma ya misitu ya nchi hiyo ikaweka kanuni kwamba kila moto udhibitiwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Katika misitu ya milimani ya California, ambako moto mdogo ulikuwa ukipita chini ya miti mikubwa kila baada ya miaka michache, kukazuka umati wa miti midogo, majani makavu na vijiti. Moto ukiingia humo hauna tena haja ya kutambaa ardhini, unapanda miti midogo kama ngazi mpaka kwenye vilele. Mwaka 2020 moto mmoja uliua kati ya asilimia 10 na 14 ya misekoya mikubwa yote duniani, miti yenye gome linaloweza kufika nusu meta kwa unene na ambayo mingine ilikuwa imeishi kupita moto mwingi kwa zaidi ya miaka elfu.

Dawa ya moto ni moto. Katika msitu wa Mariposa, ndani ya hifadhi ya Yosemite huko California, wasimamizi walikuwa wakichoma kwa mpango, polepole na kwa majira, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Moto ulipofika pale Julai 2022 ulikosa cha kula, na misekoya ikasalimika. Wenyeji wa asili wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, wanajua hili tangu enzi. Huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vipande vipande, ili moto wa mwisho wa kiangazi ukute madoa yaliyokwisha kuungua na kufia hapo. Kila doa lina umri wake tangu moto wa mwisho, na kila umri una wanyama na mimea yake.

Pamoja na moto uliopangwa huja kupunguza miti, na hapa ndipo wapinzani wanapopaza sauti kwa haki. Miti inayohitaji kupunguzwa ni ile midogo, nayo haina bei. Miti yenye bei ni ile mikubwa, inayostahimili moto, yenye matundu ya bundi na popo. Kazi ya kupunguza ikitegemea kujilipia kwa mauzo ya mbao, macho ya mkataji yatapanda taratibu kutoka kwenye miti myembamba kwenda kwenye minene, na kwenye karatasi itaendelea kuitwa kinga ya moto. Mipango ya namna hii nimezoea kuianzia kwenye ukurasa wa bajeti. Kama fedha za kuondoa miti midogo hazikutengwa mahali pengine, najua ni miti gani itakatwa.

Ugomvi mkali zaidi huja baada ya janga, mbao zikiwa bado zinauzika. Wanaotaka kuvuna haraka wana hoja ya muda: mti uliokufa huanza kupasuka na kubadilika rangi, na baada ya mwaka mmoja au miwili thamani imeshuka sana. Katika misprusi iliyoangushwa na upepo wana hoja nyingine nzuri, kwamba kuondoa magogo mabichi kabla kizazi kipya cha mbawakawa hakijaruka kunaokoa miti iliyosimama. Lakini wakisharuka, kukata mti mkavu hakumzuii mdudu hata mmoja. Mara nyingi misumeno hufika wakati huo. Na baada ya moto, jimbo la Oregon, Marekani, lilitoa funzo. Eneo lililoungua mwaka 2002 lilipoanza kuvunwa, watafiti walikuta miche iliyokuwa imejiotea imepungua kwa asilimia 71 palipovunwa, na matawi yaliyoachwa chini yakiwa kikolezo cha moto unaofuata. Utafiti huo ulipingwa vikali ulipotoka mwaka 2006, na ni haki kusema ulitazama miaka ya mwanzo tu. Hata hivyo, mche uliokanyagwa na trekta haufufuki ili kukidhi hoja.

Wapo wanaopendekeza kugawa ardhi: huku mashamba ya miti ya kuvuna, kule misitu ya asili isiyoguswa. New Zealand imekwenda karibu na njia hiyo. Inapunguza shinikizo kwa misitu ya asili, hilo sikatai. Ila shamba la miti halikai ndani ya uzio. Kimbunga Gabrielle kilipopita mwaka 2023, mabaki ya ukataji yalishuka na mafuriko kutoka kwenye miteremko mikali na kugonga madaraja, kufunika mashamba na kujaa fukweni.

Basi nisimame wapi? Msitu wenye umri mmoja na spishi moja huanguka mara moja, ule wenye vizazi vingi huanguka vipande. Mwenye msitu wa kuvuna avune, lakini abakize. Penye historia ya moto mdogo wa mara kwa mara, kukaa mikono mifukoni ni kosa, turudishe moto. Penye majanga makubwa ya nadra, tusikimbilie kusafisha, ila kwenye kingo za jirani. Nikikosea, heri nikosee kwa kuacha gogo moja zaidi, maana gogo lililoachwa linaweza kuondolewa mwakani, na mti wa miaka 300 uliokatwa kwa haraka haurudi katika uhai wa yeyote aliyeidhinisha.

Vibali vingi vya uvunaji hutaja meta za ujazo zitakazotoka. Ningependa vitaje pia kitakachobaki: miti mingapi mizee, mingapi mikavu iliyosimama, magogo mangapi chini, ya spishi zipi, na yako wapi. Kisha mtu arudi baada ya miaka mitano na karatasi ileile mkononi, apige goti, abandue gome, aandike anachokikuta.