Haut-Kœnigsbourg: ngome ya kale au fahari ya Kaisari?

Ngome ya Haut-Kœnigsbourg iko kileleni mwa mlima huko Alsace, mashariki mwa Ufaransa, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Inatajwa katika maandishi tangu mwaka 1147. Wasweden waliizingira mwaka 1633, wakaiteka na kuichoma, ikabaki magofu kwa zaidi ya karne mbili. Alsace ilipokuwa chini ya Ujerumani, mji wa Sélestat ulimzawadia Kaisari Wilhelm wa Pili magofu hayo mwaka 1899, naye akamkabidhi msanifu Bodo Ebhardt kazi ya kuijenga upya. Ilikamilika mwaka 1908, na mpaka leo watu wanabishana kama alichofanya ni kuokoa au kughushi.

Wanaomlaumu wana hoja. Kaisari alitaka alama ya utawala wake kwenye mpaka wa magharibi. Dari la ukumbi wake limetandwa na tai wa dola aliyechorwa na Leo Schnug, na tai huyo ni wa Wilhelm, si wa mabwana wa karne ya 15. Mnara mkuu nao ulizua kelele: wengine walidai ulikuwa wa duara, wengine kwamba umerefushwa mno.

Hata hivyo, kwenye ujenzi wenyewe niko upande wa Ebhardt. Alifukua, akapima, akapiga picha. Umbo la pembe nne la mnara alilipata kwenye masalia yaliyokuwa bado yamesimama. Mawe mapya aliyachonga alama, ili mtu aweze kuyatofautisha na ya zamani. Mwenye nia ya kudanganya haachi ushahidi wa namna hiyo. Tena leo mtu anaona kwa macho yake ukuta mnene wa magharibi, uliojengwa na ukoo wa Thierstein baada ya kupewa ngome hiyo mwaka 1479, wakati mizinga ilipokwisha kubadili vita.

Nisichokubali ni kusifu usanifu huku mwenye ngome akiachwa kando. Kati ya 1905 na 1907, mafundi wakiwa bado kazini kule mlimani, majeshi ya Kaisari huyohuyo yalizima Vita vya Maji Maji kwa kuchoma vijiji na mashamba, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Mei 1908 akazindua ngome yake kwa shamrashamra. Anayewaonyesha wageni dari lile awaeleze pia dola yenye tai huyo ilifanya nini Umatumbi na Ungoni.